Wifi Yangu, Namba ya Dharura

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi, anafanya kazi na pini mdomoni. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanadhani yaliyotupata yalitokana na serikali. Yalitokana na pini.

Tunaishi ua mmoja. Mimi na wanangu tuko upande wa nyuma, yeye na mama yake, yaani mama mkwe wangu, wako upande wa barabarani. Chumba cha mbele ndicho cha kushonea, na nyuma ya pazia kuna kitanda cha mama, ambaye miguu ilimgomea tangu mwaka jana. Wifi ni mjane. Hana mpango wa kuolewa tena, anasema mwanamume atamkuta kwenye foleni ya maji na hapo hapendezi. Ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ana tabia mbili zilizomponza maishani: hajui kusema uongo, na hawezi kuiacha simu ikilia. "Simu ni mgeni," husema. "Mgeni hapigi hodi ukanyamaza ndani."

Bomba tunalo, liko ukutani karibu na dirisha. Ukilifungua linakohoa, linatema kutu kidogo, halafu linanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Maji tunachota kisimani nyuma ya gereji, ya chumvi, tena kwa kugombania. Sisi wazima tungevumilia. Shida ilikuwa mgongo wa mama. Muuguzi wa zahanati alimgeuza, akatuonyesha pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu na laini, akasema, "Aogeshwe asubuhi na jioni, shuka libadilishwe kila likilowa. Kidonda kikifunguka hapa, hakifungiki kirahisi." Tangu siku hiyo moyo wangu haukukaa mahali pake. Shuka likitikiswa tu, nilikuwa nimeshatoa jicho kutafuta doa la damu.

Kwa ajili ya mgongo huo wifi akaanza kuipigia ofisi ya maji.

"Maji hayajatoka," alisema.

"Yametoka, mama," alijibu kijana wa mapokezi.

"Yametoka wapi?"

"Yametoka huku kwetu."

"Yakaenda wapi?"

"Yamekuja kwenu."

"Hayajafika."

"Basi yako njiani, mama. Yakifika utayaona."

Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Alipiga mpaka yule kijana akaihifadhi namba yake kwenye simu, ili akiiona asipokee. Akaiandika "Mama Maji". Hayo tulikuja kuyajua baadaye.

Asubuhi moja nilikuwa kwake nikikunja shuka, simu ikalia. Wifi alikuwa anapinda sketi ya shule, mdomo umejaa pini. Akabonyeza, akaiweka simu juu ya cherehani, mwanamume akafoka mpaka mama akashtuka kitandani: "Haloo! Ofisi ya maji?"

"Mmh," alisema wifi. Alitaka kusema hapana, pini zikamzuia. Na "mmh" yake, ikipita kwenye pini, hutoka nzito na ya puani, kama ya bosi aliyekatishwa chai.

"Mkuu, bomba limepasuka mbele ya nyumba yangu! Wiki nzima! Barabara imekuwa bwawa!"

"Mmh. Pole."

Yule bwana akaacha kufoka.

"Umesemaje, mkuu?"

"Nimesema pole."

Yule bwana akalainika ghafla. "Asante, mkuu," akasema. "Asante sana. Nimelalamika miaka yote, leo ndiyo mara ya kwanza."

Kabla wifi hajazitema pini akamweleze, ikaingia simu nyingine. Halafu nyingine. Kufikia mchana simu ilikuwa ya moto kama pasi. Kinyozi wa jirani, mtu asiyeweza kukaa na habari tumboni, ndiye aliyetuletea ukweli huku akikimbia na mashine yake ya kunyolea mkononi.

"Mama Fundi! Hongera kwa cheo!"

"Cheo gani?"

"Uko kwenye mabango! Nguzo zote! 'Ukiwa na tatizo la maji piga namba hii ya dharura.' Namba yenyewe ni ya kwako! Nimenyoa mtu nusu, nimemwacha kwenye kiti nije nikuambie."

Tukatoka mimi na wifi mpaka ofisi ya maji. Yule kijana wa mapokezi hakukataa kitu. Alisema wakubwa walimtaka atoe namba ya maji kwa ajili ya mabango, naye akaandika "maji" kwenye simu yake, ikaja hiyo. "Mimi ningejuaje, mama? Nani mwingine anaongelea maji kama wewe?"

"Basi yatoeni," nilisema.

"Yamebandikwa mji mzima, na gundi yenyewe ni nzuri. Rahisi abadilishe yeye namba."

"Namba hii ndiyo wanayo wateja wangu wa sare," alisema wifi.

"Na sasa wa kwetu wanayo pia. Mtajuana."

Wifi akashusha pumzi. "Na maji yetu je? Mama yangu anaumwa mgongo."

Kijana akamwonyesha bango ukutani. "Kwa malalamiko ya maji, mama, piga namba hiyo."

Tukaondoka. Njiani nikamwambia azime simu. Nilimwambia kujifanya mtumishi wa serikali ni kosa, watu wamefungwa kwa madogo kuliko hayo, na akifungwa yeye nani atamgeuza mama, maana mimi peke yangu siwezi kumwinua. Akasema, "Mimi sijajifanya. Mimi nimeitika."

Akawa anaitika. Watu wa mitaa ambayo sijawahi kukanyaga walimweleza mambo yao, naye anakanyaga cherehani na kusikiliza. Hakumwambia mtu kuwa maji yatakuja, kwa kuwa hakujua. Alisema, "Pole. Na kwetu hakuna." Ajabu ni kwamba watu waliridhika! Mama mmoja alimwambia, "Siku hizi mmebadilika. Maji hamleti, lakini mnaongea vizuri." Wengine walipiga tena jioni kumjulia hali mama, kwa sababu walisikia akikohoa nyuma ya pazia. Huku kwetu maji yalikuwa yaleyale ya kisima, ndoo mbili zikipungua nilikuwa nakosa raha, na wekundu wa mgongo ulikuwa umepanda mpaka kiunoni.

Halafu ikaja ile simu iliyotaka kuniua.

"Haloo! Nyie watu mna kichaa?" sauti ilinguruma. "Nimejipaka sabuni mwili mzima, maji yamekatika!"

"Mmh. Pole, baba. Jifute na kitambaa cha unyevu."

"Kitambaa cha unyevu? Unajua unaongea na nani?"

"Hapana."

"Mimi ni mkurugenzi wa maji!"

Wifi akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuniko cha cherehani. "Alhamdulillahi," akasema. "Ni wewe ninayekutafuta siku zote. Maji yetu yako wapi?"

Mkurugenzi akakata simu. Mimi nikaenda kufungasha nguo za wifi za kwenda nazo jela.

Gari lilikuja kabla sijamaliza, dereva ameelekezwa na yule kijana wa mapokezi. Akashuka mwenyewe, suti safi, lakini nyuma ya sikio povu la sabuni limemkaukia. Majirani wakajaa mlangoni, kinyozi mbele. Mkurugenzi akaingia, akatazama cherehani, akatazama sare zilizotundikwa, akainua pazia kidogo, akamwona mama, akalishusha kwa adabu.

"Ofisi ya dharura ndiyo hii?"

"Hiki ni chumba changu," alisema wifi.

Kinyozi akadakia, "Mheshimiwa, usimpeleke popote! Kwenye ofisi yako nzima ni huyu tu anayepokea simu!"

"Kweli!" majirani wakaitikia. "Huyu tu!"

Mkurugenzi akajikuna sikio. Akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, kuwa alikuja kufunga, lakini wakubwa wake wamempongeza kwa simu kupokelewa, sasa akifunga atawaambia nini. Akafikiri. Kisha akaugeukia umati, akapandisha sauti ya hotuba: "Kuanzia leo, hiki ni kituo kidogo cha huduma! Mteja yeyote akifika hapa, ahudumiwe!"

Watu wakapiga makofi. Lakini lililofuata ndilo lililonishangaza zaidi. Msaidizi wake alimnong'oneza kwamba kwa taratibu, ofisi ya maji haiwezi kukaa bila maji, wakaguzi watauliza. Sisi tulilia miaka, wapi! Ofisi ililia dakika moja, kesho yake likaletwa tangi jeusi refu kuliko mlango, wakalisimamisha chini ya dirisha la mama, lori likaja kulijaza. Kabla ya kuondoka, fundi rangi akaandika ubavuni kwa herufi nyeupe: MAJI YA OFISI. SI KWA MATUMIZI YA NYUMBANI.

Nikaleta beseni mbio.

"Hapana, wifi," akasema wifi yangu.

"Hapana nini?"

"Imeandikwa. Na kituo nimekabidhiwa mbele za watu."

Nilidhani anatania. Mwanamke huyo alibeba ndoo yake, akalipita lile tangi lililojaa maji matamu, akaenda kisimani nyuma ya gereji. Alifanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine tena. Nilimsema mpaka koo likakauka. "Kwa hiyo mama aoze kwa ajili ya rangi nyeupe?" Akanijibu, machozi yakimlengalenga, kwamba akichota kwa wizi mara moja watalichukua tangi na kituo na jina lake, na hapo atakuwa kweli ni mtu aliyejifanya. Asubuhi ya Ijumaa tulimgeuza mama, shuka likanata kidogo kwenye ngozi kabla ya kuachia. Lilikuwa na alama ya unyevu, ndogo kama ukucha. Haikuwa damu bado. Nikamnong'oneza wifi atazame.

"Mnanong'ona nini?" mama akauliza.

Tukamweleza. Mama alikuwa amesikia simu zote kupitia lile pazia, yeye ndiye aliyekuwa anajua kazi ya ofisi kuliko sisi. Akamwita binti yake.

"Yule bwana wa suti alisemaje? Mteja akifika hapa?"

"Ahudumiwe."

"Mimi niko wapi?"

"Uko hapa, mama."

"Nina maji?"

"Huna."

"Basi unasimama nini? Niulize shida yangu!"

Wifi alisita. Kisha akavuta kiti mpaka kitandani, akajinyoosha mgongo kama mtumishi. "Karibu, mama. Una tatizo gani?"

"Maji sina, na mgongo unaniwaka."

"Limepokelewa," alisema wifi. Nilikuwa nimeshafika kwenye tangi. Mama alioga maji matamu mpaka vidole vikajikunja, tukamlaza juu ya shuka lililosuuzwa mara mbili, naye akalala kabla hatujamaliza kumfunika.

Siri ya mama haikukaa, kwa kuwa kinyozi alikuwa dirishani. Kufikia adhuhuri benchi la wateja wa sare lilikuwa limejaa wateja wa maji, kila mmoja na ndoo yake miguuni, amevaa nguo ya kutokea kwa kuwa anakwenda ofisini. Wifi alimuuliza kila mmoja tatizo lake, akampa ndoo moja. Wengine walisema matatizo mpaka ya ndoa. Tangi likishuka alikuwa anapiga simu ofisi kuu: "Kituo kidogo kimeishiwa." Lori lilikuja. Kituo kisicho na maji kingewaaibisha.

Mimi nilijua mkaguzi atakuja, na alikuja. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kazi na viatu vyenye vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akasoma maandishi ya tangi, akatazama benchi, akaingia mpaka nyuma ya pazia nilikokuwa nimeshika shuka lililolowa, sina pa kulificha.

"Haya ni matumizi ya nyumbani," akasema.

"Hiyo ni ofisi," alijibu wifi.

"Na huyu aliyelala?"

"Mteja."

"Mteja gani amelala kitandani?"

"Anasubiri huduma," alisema wifi. "Kwenye ofisi zenu hukuti wateja wamelala?"

Mkaguzi akamwinamia mama. "Bibi, umesubiri maji tangu lini?"

"Tangu sijamzaa huyu," mama akamwonyesha wifi.

Mkaguzi alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa. Aliondoka bila kutuambia lolote, na usiniulize nilivyokuwa. Kesho yake alfajiri hodi ikapigwa. Alikuwa yeye, bila kofia, kandambili miguuni, ana dumu kila mkono.

"Leo sijaja kukagua," alisema, akitazama chini. "Kwetu hakuna."

"Kaa kwenye benchi, baba. Zamu kwa zamu," wifi alimwambia, mdomo umeshajaa pini.

Akakaa. Lakini kukaa bure kulimshinda, na mimi nilikuwa nahangaika peke yangu na shuka la mama, basi akainuka, akashika ncha ya pili tulikamue. Akasokota upande niliosokota mimi, shuka likawa linazunguka tu kati yetu kama kamba ya watoto, halitoi hata tone.

"Wewe nenda huku, baba, mimi niende kule," nikamwambia.

"Nani huyo?" mama aliita kutoka nyuma ya pazia.

"Mteja, mama," alijibu wifi.

"Mwambie asubiri. Mimi nilitangulia."