Mkanda wa Sumaku Niliomshonea Mama

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu ndugu zangu wakisimulia habari hii huwa wanazungukazunguka, wanasema "ilitokea tu" au "hatukujua". Mimi nilijua kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichotuumiza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma. Sikwenda chuo. Nilijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya mpaka zikalingana. Mshono ukipinda hata kidogo, sili vizuri siku hiyo. Nawaambia mapema ili muelewe yaliyofuata.

Mama anaishi Ihanda, analima mahindi na kahawa kidogo. Mgongo ulimsumbua muda mrefu, akawa anameza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kumwaka. Zahanati wakampa karatasi ya kwenda hospitali kupiga picha ya mgongo, na tarehe ikaandikwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa intaneti kafe nikitafuta mitindo ya magauni, nikakutana na makala ya Kiingereza. Ilisema maumivu sugu ya mgongo yanaweza kutibiwa kwa sumaku inayosisimua mishipa ya fahamu, bila dawa. Maneno hayo mawili yalinikaa: bila dawa. Nikachapisha kurasa zote, nikakaa nazo na kamusi siku tatu.

Kwa jirani yangu, fundi redio, nilichukua sumaku za spika ndogo zilizokufa. Alicheka sana. "Dada, mama yako akivaa hii atatoka jikoni vijiko vimemganda kiunoni." Nikamjibu kwamba asiyesoma hawezi kuelewa. Naona aibu kuyaandika maneno hayo.

Nilishona mkanda wa jinzi wenye vifuko kumi na viwili, nafasi sawa kwa sawa. Niliufumua mara nne kabla sijaridhika. Nikaupeleka Ihanda.

"Na ile karatasi ya picha?" mama akauliza.

"Isubiri kwanza, mama. Ukienda watakuongezea vidonge tu. Tuone hii."

Akanitazama. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayesoma."

Nikamwachia daftari. Kila jioni achore vijiti: kumi kama maumivu ni makali kabisa, kimoja kama ni madogo. Kila Jumapili nilikwenda kuvihesabu. Wiki ya kwanza, tisa kwa siku. Sikumgombeza, ila nilinuna. Nilifumua mkanda palepale, nikasogeza sumaku kwa upana wa kidole, na chakula alichonipikia sikukigusa. Wiki iliyofuata, saba. Nikamkumbatia. Kisha tano. Kisha tatu.

Mengine niliyaona. Kitenge kilichokuwa kikimtosha sasa kilimzunguka mara mbili. Shuka alizoamka nazo zilikuwa zimelowa jasho. Nikajiambia mwili unajirekebisha. Tarehe ya picha ikapita, na miezi minne ikapita baada yake.

Halafu Jumapili moja baba mkubwa akaja, kaka wa marehemu baba yangu. Kwetu mwanamke hamsalimii shemeji yake mkubwa akiwa wima. Anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, ndipo anasema. Mama alifanya hivyo maisha yake yote; hata akiwa na kuni kichwani, alizitua kwanza. Siku ile alibaki amesimama, ameshika mlango.

"Kulikoni, mke wa mdogo wangu?" baba mkubwa akauliza. "Nimekukosea?"

"Hapana, shemeji. Miguu tu imechoka."

Akajaribu kushuka. Magoti yalipiga sakafu kwa kishindo, na hakuweza kuinuka tena. Tulimwinua sisi wawili. Daftari lilikuwa wazi mezani. Jana yake alikuwa amechora vijiti viwili.

"Mama, hivi vijiti ulikuwa unachoraje?"

"Ulikuwa unarudi Tunduma na huzuni, mwanangu. Nikaona nikupunguzie."

Baba mkubwa akaenda Mlowo kutafuta gari, tukampeleka hospitali. Ilikuwa kifua kikuu cha mgongo. Kilikuwa kimekula pingili mbili, na zilipoporomoka zikabana neva za miguu.

Nilimwonyesha daktari kurasa zangu. Sijui nilitaka nini, labda anihurumie. Alizisoma zote. Akasema tiba hiyo ipo, lakini ni mashine yenye nguvu inayotoa mapigo ya sumaku, anaiendesha mtaalamu. "Sumaku ya spika imelala tu, dada. Haisisimui kitu." Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba mgonjwa hupimwa kwanza ijulikane maumivu yanatoka wapi. Mstari huo nilikuwa nimeupigia alama ya kalamu nyekundu mwenyewe. Nilikuwa nimetafuta kila neno lake kwenye kamusi.

Mama, niliyetaka apone bila dawa, alimeza dawa mwaka mzima. Kifua kikuu kimepona. Miguu haikurudi yote. Anatembea kwa magongo mawili, na kahawa yake inalimwa na mtu mwingine. Mkanda alinikataza kuutupa. Anasema nimeushona vizuri.

Wewe uliyesoma mahali kuhusu tiba nzuri, huenda ni nzuri kweli. Ila usimzuie mgonjwa wako kupimwa. Na ukimuuliza anajisikiaje, usimtazame kama unasubiri akusifu. Atakupa jibu unalolitaka, nawe utaliandika kwenye daftari.

Siku hizi mgeni akija, mama huwa amekaa kwenye kigoda, na kabla ya salamu anaomba radhi kwamba hawezi kupiga magoti. Namsikia nikiwa jikoni. Mimi mwenye magoti mazima bado sijayapiga mbele yake kumwomba radhi.