Besi Bila Tarumbeta

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba eksozi ya gari langu ilitoboka yenyewe kwa kutu. Si kweli. Niliagiza sailensa ing'olewe. Nilimwonyesha fundi kwa kidole, nikakaa kwenye benchi lake pale Nyamirambo, Kigali, nikinywa chai, na gari lilipowashwa nikajisikia kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ilikuwa mwaka 1990, kabla ya vita. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya fasihi, nikapata kazi Kigali katika ofisi ya mizigo, kutafsiri karatasi zilizokuja na malori kutoka bandarini. Mimi ni mfupi, na sauti yangu, kwa maneno ya wenzangu ofisini, ni ya mtu anayeomba chumvi meza ya jirani. Barabarani malori yalinipita kana kwamba nimeegesha. Sailensa ilipotoka, yakaanza kunipisha. Madereva waligeuka kuona ni nani huyo, wakakuta miwani na kilemba, wakatazama tena. Gari la Kifaransa lenye umri wa kustaafu lilikuwa linanisemea yale ambayo shahada ilishindwa kuyasema.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nilipanga kijumba cha uani huko Kiyovu, kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili Bujumbura. Mwanamke asiye na mume kupata nyumba mtaa ule halikuwa jambo dogo, na yeye alinikubali baada ya kunihoji kuhusu misa, wageni na harufu ya vitunguu, tukawa tunagawana gunia la mkaa kila mwezi. Alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: akishakula mchana, analala. Na huo ndio wakati niliorudi kula.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, kwa upole uliotisha, "hiyo gari yako iko napita ndani ya kitanda yangu. Inaingia huku, inatokea kule. Mwisho wa mwezi, moja iondoke. Gari ama wewe."

"Ni kutu, Mama."

"Kutu ya Tanzania iko na nguvu sana."

Nikarudi kwa fundi. Huyu alikuwa bwana aliyechomelea vyuma amevaa miwani ya jua, na aliyeona gari la kimya kuwa ni tusi kwa ukoo wake. Alinuna, akafunga sailensa kubwa aliyoitoa kwenye gari la mishonari. Nikaondoka pale nikivuma kama friji. Kabla sijafika mjini, lori la saruji lilinikatia njia bila hata huruma.

Na nyumbani nikakutana na jambo ambalo sikulifikiria. Zamu wetu, yaani mlinzi wa geti, alikuwa amezoea kunisikia tangu nikiwa chini ya kilima. Nikifika juu, geti liko wazi. Siku ile lilikuwa limefungwa. Nikasubiri. Mwishowe nikapiga honi, fupi tu, ya adabu. Pazia la chumba cha mama mwenye nyumba likafunguka.

"Kumbe kutu imejifunza kupiga honi," alisema. "Mwisho wa mwezi iko palepale."

Kwa hiyo nilikuwa na masikio mawili ya kuridhisha, moja liendelee kusinzia na jingine lishtuke. Na moyo wangu pia, ambao haukutaka kuendesha friji.

"Fundi," nilisema, "zile kelele kali za juu, za kukwaruza, zitoke. Ule mvumo wa chini ubaki."

"Dada, wewe unataka besi bila tarumbeta."

"Hasa."

"Si ungesema mapema. Mimi nilidhani umeokoka."

Tulibishana sana. Yeye alitaka mabomba mawili, kwa ajili ya urembo. Mimi, kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kuchumbiwa na mwanafunzi wa fizikia, nilitaka bomba pana libaki vilevile, likatwe katikati, liwekwe kopo fupi lenye bomba la matundu ndani, na pembeni ijazwe pamba ya chuma ya kusugulia sufuria. Akaniambia gari si sufuria. Nikanunua pamba duka la mbele. Tulipowasha, yote ilitoka nyuma kwa mkupuo mmoja, ikatua juu ya meza ya kinyozi jirani. Fundi akapunguza ukubwa wa matundu, akajaza upya, na tangu hapo wazo lote likawa lake. Nilimwachia.

Kesho yake nilipanda kilima nimekaza mikono kwenye usukani. Gari lilinguruma chinichini, kifuani zaidi kuliko masikioni. Geti lilikuwa wazi, na zamu amesimama kando, ananipigia saluti. Nilikula maharage bila kuyaonja, macho kwenye pazia. Halikutikisika. Lakini mama yule alijua pia kukasirika bila kutikisa pazia.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa mezani ofisini simu ilipolia. Alikuwa mama mwenye nyumba, na hakuwahi kunipigia ila kulalamika.

"Mwanangu, leo umekula wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Zamu naye anasema hivyo. Nimemwita mwongo. Yeye amekusikia?"

"Tangu chini kabisa."

"Mimi naamka sasa hivi," alisema polepole, kama mtu anayelaza karata zake mezani. "Haya. Mkaa ya mwezi ujao tutagawana, kama siku zote. Na hiyo kutu, iache hapo ilipo."

Akakata simu.