Chaneli Isiyo na Mtu

Samuel Oboth alikuwa mwepesi wa kuona kinyaa, na hakujua kuficha. Ukitema mate njiani mbele yake, anakugeuzia uso. Ukimsalimu huku unatafuna muwa, hakupi mkono. Wenzake wa pale mpakani Busia walimtania kwamba angekuwa na miguu mizima angesomea upadri, maana ndiyo kazi pekee ya kumfaa mtu anayependa vitambaa vyeupe kiasi hicho. Yeye alicheka tu, akaendelea kupangusa vishikio vya baiskeli yake.

Miguu yake ilikauka kwa polio akiwa bado mtoto kule Kiyeyi. Wazazi wake walimweka nyuma ya nyumba ili wageni wasimwone. Huko ndiko alikokutwa na shangazi yake, Joanita Apendi, aliyekuja kwa mazishi ya jirani. Shangazi mwenyewe hakuwahi kutembea hata siku moja, lakini alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, na ulimi ambao wanaume wazima waliuogopa. Alimtazama mtoto amelala karibu na mavi ya mbuzi, akawauliza wenye nyumba kama hawakuona haya, kisha akampakia na kuondoka naye. Ndiyo maana kinyaa cha Oboth hakikumsaza mtu yeyote duniani, isipokuwa huyu mama.

Kazi aliyomfundisha ni kuvusha mizigo. Walemavu wa Busia wameifanya miaka mingi, wakitoka Uganda kuingia Kenya na kurudi, na sanduku la bati nyuma ya kiti limejaa mafuta ya kupikia, sabuni au unga. Mikono yote miwili ikiwa kwenye pedali, simu haina nafasi. Kwa hiyo kila mmoja alivaa shingoni redio ndogo ya mkono, woki-toki za zamani, na wote walikaa kwenye chaneli moja. Chaneli yenyewe haikuwa yao peke yao. Wapishi wa harusi waliitumia, wasimamizi wa maegesho ya kanisa waliitumia, hata madereva wa lori za mchanga. Haikuwa na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kikikosa adabu kinageuka jalala.

Adabu hiyo aliileta Oboth. Alichukia kusikia watu wakibweka hewani kama mbwa wanaogombea mfupa, kila mmoja juu ya mwenzake. Akawakumbusha jinsi mgeni anavyopokewa huko kwao: akianza kutoa salamu za nyumbani huachwa amalize, hata akirudia habari za ng'ombe yule yule mara tatu. Na hewani iwe hivyo hivyo. Mtu akiwa anasema, mngoje. Mtu asikatwe. Ilichukua muda, na wapishi wa harusi walinuna, lakini mwishowe chaneli ile ikawa na heshima kuliko mikutano mingi ya diwani.

Wanawake wa kundi walikuwa na neno lao hewani. Mmoja wao akisema, "Norah, njoo tupige soga," hakuna mwanaume aliyedakia. Norah alikuwa msukumaji wa baiskeli zao, mwanamke wa Nabuyoga mwenye mabega mapana, na soga hiyo maana yake ilikuwa choo. Vyoo vya mpakani vina milango myembamba, baiskeli haipiti. Sakafu yake usiulize. Anayetembea hukereka pua, akatoka, akasahau. Anayetambaa anaiweka mikono yake juu ya uchafu ule ule, na kwa mikono hiyo ndiyo ale ugali. Norah aliwabeba mgongoni, akawaingiza na kuwatoa safi, na hakumsimulia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku ile ya soko shangazi aliamka na tumbo linaloendesha. Alimwambia Oboth kwenye kibanda cha kundi, upande wa Uganda, akinong'ona kwa hasira kana kwamba tumbo lilikuwa la mtu mwingine. Oboth alimsihi akae. Akakataa, mteja wake wa Kenya alikuwa anasubiri sabuni tangu jana, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi kwa sababu ya maharage ya usiku. Simu yake aliiacha kibandani ikichajiwa. Alimwambia Norah asiende mbali, kwani angemwita wakati wowote, na akiitwa aje mbio. Kisha akazungusha pedali akaenda zake, kichwa juu, leso mpya mabegani.

Alikuwa hajapotea machoni vizuri pale redio zote za kibandani zilipoanza kukoroma. Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa mkwaruzo mmoja mnene, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko, unakoma kidogo tu, unarudi. Oboth alikunja uso. Alidhani ni mlevi wa lori za mchanga ameikalia redio yake. Wengine walisema labda ni mzee fulani mwenye redio mbovu anajitahidi kutoa habari ya msiba. Hilo likawashika. Kama ni mzee na ana msiba, nani atamkata? Basi wakangoja amalize.

Ndivyo lilivyokuwa kosa lao, na ukilitazama vizuri linatia uchungu. Kundi zima la watu wazima lilinyamaza kwa heshima mbele ya mashine. Aliyekuwa akikoroma alikuwa kijana mmoja aitwaye Lenox, wa yadi ya mizigo upande wa Kenya, ambaye siku hiyo alikuwa akijaribu redio mpya za dijitali za kazini kwake pamoja na mwenzake Tom aliye kwenye bohari mbali kidogo. Redio hizo hugeuza sauti kuwa namba. Redio ya zamani ikizipokea haisikii ila mkwaruzo, na redio mpya ikifikiwa na sauti ya zamani, inakaa kimya kabisa. Zina kijitaa kinachowaka kuonyesha kwamba chaneli ina mtu. Lenox alikuwa amekiona kikiwaka, akakipuuza, kwa kuwa masikio yake yalimwambia hakuna kitu. Alihesabu moja hadi mia, Tom akahesabu mia kurudi moja, wakabadilisha redio, wakaanza upya.

Oboth alivumilia asubuhi nzima, mpaka chai yake ya tatu ikaota utando. Norah alisimama, akaketi, akasimama tena. Alisema mama hangekaa kimya hivi na tumbo lile. Oboth akajibu kwamba angekuwa na shida angeita, na neno hilo lilipotoka tu kinywani mwake akalisikia lilivyo. Angeita wapi? Akageuza baiskeli, Norah akasukuma kwa nyuma, wakavuka.

Walimkuta mbele ya geti la buluu la ile yadi, kwenye foleni ya malori. Mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umekatika, trela mbele na trela nyuma, na jua limesimama juu ya utosi. Ile leso mpya ilikuwa imetandazwa mapajani, ameishika kwa mikono yote miwili. Nzi walishafika. Utingo wawili walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha gurudumu, wamebana pua, wanacheka. Oboth alisikia harufu kabla hajafika, lakini kilichomtia kinyaa si harufu ile, bali vicheko. Aliwaangalia wale watu wenye miguu miwili kila mmoja, walioshindwa hata kuondoka, akaona hajawahi kukutana na uchafu kabla ya siku ile.

Shangazi hakulia. Alikuwa anatazama mbele, kwenye namba za trela.

"Mimi nangojea yule mtu amalize," alisema. "Si ni wewe ulisema mtu asikatwe."

Kauli hiyo ilimwingia Oboth kama maji machafu chini ya mlango, akabaki ameshika pedali zake. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya geti, Lenox alikuwa amesimama na redio yake mpya mdomoni, nadhifu, shati limepigwa pasi, anahesabu. Shangazi alieleza kwa sauti ndogo kwamba alikwisha kumwomba mapema kijana huyo aache kidogo ili naye amwite mtu wake. Kijana alimwonyesha redio na kumwambia chaneli haina mtu, yeye hasikii kitu. Alipoombwa mara ya pili alimpa kisogo. Shida yenyewe shangazi hakuitaja. Mama wa umri wake amwambie nini kijana asiyemjua?

Lenox aliwaona sasa, akaja mpaka getini na kiganja puani.

"Mzee, toa huyu mathe hapa kwa geti," alimwambia Oboth. "Bosi yuko njiani, na si unaskia vile kunanuka?"

Kuna matusi ambayo Oboth aliyajua kwa lugha nne, na siku hiyo hakutumia hata moja. Alisubiri Lenox ainue redio, ahesabu, aachie kidole. Alipoachia tu, Oboth akabonyeza yake. Hakusalimu. Hakuuliza kama kuna anayesema.

"Wote wenye baiskeli, kujeni geti ya buluu, upande ya Kenya. Sasa hivi. Kina mama, kujeni na leso. Kujeni na maji."

Walikuja. Walitoka kibandani, walitoka sokoni, wengine na mizigo yao sandukuni, wakazipanga baiskeli duara mbele ya geti, mgongo kwa mgongo, mpaka lori likashindwa kuingia wala kutoka. Wanawake walifungua leso zao na kuzishika juu ya vichwa vyao. Ndani ya ua ule wa leso Norah alimwosha shangazi polepole, akamsugua viganja na kucha, akamvisha nguo ya Bridgit, muuza ndizi wa pale kando, aliyeivua papo hapo na kubaki na gauni la ndani bila kujali. Madereva walipiga honi. Oboth aliwaambia wapige mpaka betri zife. Wale utingo waliokuwa wakicheka waliinamisha macho wakajifanya wanakagua matairi, na hilo nalo lilimchukiza.

Lenox alikuwa bado yuko pale, upande wa pili wa leso, na redio yake ikaita. Tom alitaka kujua kama wanaendelea, na kama chaneli wameipenda.

"Chaneli iko poa," Lenox akajibu, macho yake kwenye duara la watu lililoziba geti lake. "Iko wazi kabisa. Hakuna mtu."

Leso zilishuka. Shangazi alimwomba Norah amsukume mpaka kwa kijana. Alikuwa safi, nywele zinadondosha maji. Alinyoosha mkono, na Lenox, ama kwa haya ama kwa kushtuka, akampa redio. Aliitazama, akatafuta kitufe, akabonyeza.

"Mimi ni mtu," alisema. "Naitwa Joanita Apendi. Niko hapa geti yenu tangu asubuhi, nangojea nyinyi mumalize."

Aliachia. Honi zilikoma. Sauti ya Tom ikatoka humo ndani, laini, haina hata chembe ya mkwaruzo.

"Nakupata fiti sana, mathe. Sauti iko safi. Sasa hebu hesabu moja mpaka kumi."

Shangazi hakuhesabu. Alimrudishia Lenox kitu chake kwa ncha za vidole viwili, akauweka mkono wake mbali na nguo aliyoazimwa.

"Norah," alisema, "letea mimi maji tena. Ninawe mkono."