Kipaza Sauti cha Akiba

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna.

Fundi mitambo wa ukumbi wa halmashauri, ambaye tunamwita Moja-Mbili kwa jinsi anavyojaribu vipaza sauti, aliitwa na Mwenyekiti kabla ya kikao.

"Nikivua miwani, unamzima anayeongea. Tumeelewana?"

"Na watu wakiuliza, mheshimiwa?"

"Mitambo mibovu. Kwani kazi yako huijui? Halafu yule binti yako wa zahanati, mkataba wake si unaisha mwezi huu? Mwanangu kabisa yule."

Hoja ya siku hiyo ilikuwa kumwondolea Mwenyekiti ukomo wa muda wake. Wa kwanza kupinga alikuwa diwani Mama Mabomba, dada mkubwa wa mke wa fundi.

"Kabla hatujampa kiti cha maisha, atuambie pesa za mabomba..."

Miwani ikavuliwa. Juu kwenye chumba chake cha vioo, Moja-Mbili akabonyeza swichi.

Mama Mabomba akagonga kipaza. "Shemeji! Umelala huko juu?" Ukumbi ukacheka.

Miaka yote kipaza kikizimika, Moja-Mbili hushuka mbio na kile cha akiba. Alishafika mezani kwa shemeji yake, waya mkononi, ndipo akakumbuka kwamba amekizima mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika miwani.

"Lete basi, unangoja nini?" Mama Mabomba akamwambia.

Akakichomeka. Plagi yake ilikuwa imelegea siku nyingi. Lazima uishikilie, ukiiachia tu sauti inakata. Alipiga magoti pale chini akiwaza mkataba wa binti yake, akaishikilia mpaka shemeji yake alipouliza yote: pesa zilikwenda wapi, na ghorofa la Mwenyekiti limetoka wapi. Kelele zikazidi, kikao kikaahirishwa. Mwenyekiti akampita bila kumtazama.

Jioni fundi hakugusa chakula. Simu ilipoita, yeye na mkewe waliruka pamoja. Kumbe ni binti, anauliza kama na huko mvua inanyesha. Hakuna aliyemwambia kitu.

Kesho yake asubuhi alifika ukumbini kabla ya mfagizi. Akaifungua ile plagi kwa bisibisi, akakaza skrubu zake mpaka ikashika yenyewe bila mkono wa mtu. Kisha akakaa kwenye ngazi, akasubiri kuitwa.