Nyuzi Laini za Mpiga Besi wa Garissa

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. "Adeer," aliniambia, kwa neno lile la Kisomali wanaloitwa kina baba wadogo, "baba ametangulia. Alisali alfajiri, akajilaza, basi." Nilipompigia tena mchana kumuuliza kama naweza kuwahi mazishi, walikuwa wameshamzika, kama ilivyo desturi yao ya kutomchelewesha maiti. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mwepesi wa kuandika tanzia, kwa kuwa mara nyingi anayeandika huwa na jambo alilopaswa kumwambia marehemu akachelewa. Safari hii sikuchelewa. Huzuni ilinijia, siwezi kukana, lakini nyuma yake ilikuja nafuu, nikashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa ameugua kifua miaka miwili, na sasa amepumzika. Na kati yangu na yeye hapakubaki neno.

Nilimfahamu miaka ya tisini, nilipohamishiwa Garissa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Yeye alikuwa Msomali wa kule kule kaskazini mashariki, mhudumu wa ofisi ya mifugo, mrefu, mkimya, ndevu zimepakwa hina. Jioni na siku za mapumziko alipiga gitaa la besi katika kikundi kidogo kilichotumbuiza harusini. Mimi nilikuwa napapasa gitaa la kati, wakanichukua. Tulipiga nyimbo za Kisomali ambazo sikuyaelewa maneno yake, na rumba ambayo wao hawakuyaelewa maneno yake, na watu wakacheza zote.

Mtu asiyewahi kukaa na wapiga besi hajui walivyo wagumu katika suala la nyuzi. Nimewajua kadhaa maishani. Mmoja alizichemsha nyuzi zake kwenye sufuria kila mwezi, akaapa kuwa zimerudi ujana. Mwingine hakuzibadilisha mpaka zikatike, eti uchafu wa vidole ndio utamu wenyewe. Kila mmoja ana chapa yake, na ukimtajia nyingine anakutazama kama uliyemtukania mama. Lakini huyu wa Garissa aliwapita wote. Yeye alitaka chapa moja tu, nyuzi za kigeni zilizosuguliwa kwa nje zikawa laini kama kioo, ambazo hata Nairobi hazikupatikana. Zilimfikia kupitia Liboi, mpakani, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekimbia vita Mogadishu na shehena ya duka lake la vyombo vya muziki.

Likizo moja nilisafiri Nairobi nikamnunulia seti mpya ya nyuzi za kawaida, zile zenye mikwaruzo kama tupa, zinazolia kwa ukali. Nilimkabidhi mbele ya wenzetu. Alishukuru, akaitia pakiti mfukoni, na sikuziona tena. Wiki zikapita, anapiga zile zile kuukuu. Niliudhika. Siku moja kwenye mazoezi nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huyu bwana anaringa. Nyuzi wanazopigia watu wa Nairobi, kwake ni takataka. Labda tumtafutie za dhahabu." Kikundi kizima kilicheka. Yeye aliinamisha kichwa, akaendelea kukaza nyuzi zake. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Basi uzi wake mmoja ukakatika, juma moja kabla ya harusi ya binti wa dada yake. Kwa Wasomali, mjomba, kaka wa mama, si mtu mdogo, na alikuwa amemwahidi yule binti tangu akiwa mtoto kwamba siku ya harusi yake besi ataipiga yeye. Alipanda lori la kwenda Liboi kutafuta nyuzi. Tulimtarajia siku ya tatu. Hakuonekana. Siku ya nne, dereva wa lori moja alifika shuleni, akanikuta chumba cha walimu.

"Mwalimu, rafiki yako askari wamemzuia kwenye kizuizi cha barabara ya Liboi tangu juzi. Wamemkuta na waya za kukunjwa, nyingi. Wanasema ni za bomu."

Wakumbuke wale walioishi kule wakati ule. Majambazi walikuwa wanavamia magari, silaha zilikuwa zinavuka mpaka, na askari waliokaa juani kwenye vile vizuizi walikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini pia mwenyeji wa kule, hata awe na kitambulisho kilichotimia, alizoea kueleza mara tatu jambo ambalo sisi wa bara tuliulizwa mara moja, au hatukuulizwa kabisa. Msomali kama yeye, na waya nane zilizoviringishwa ndani ya gazeti la kigeni, bila pakiti wala jina. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapitia nyumbani kwa dada yake kulichukua gitaa, nikapanda lori la kwanza lililokuwa linakwenda upande ule. Njia nzima nililikumbatia gitaa lile kama mtoto mgonjwa.

Nilimkuta amekaa sakafuni katika ofisi ya mabati, midomo imekauka. Aliponiona na gitaa, alifumba macho akasema, "Alhamdulillahi." Afisa aliyesimamia kituo alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilijitambulisha, nikaonyesha barua ya shule.

"Wewe ni mwalimu, sawa," alisema. "Lakini huyu kila tukimuuliza anasema muziki, muziki. Muziki gani unavuka mpaka?"

"Afande," rafiki yangu alijibu, kwa Kiswahili chake ambamo p iligeuka b na v ikawa f, "hii si ya bomu. Ni ya kubiga harusi. Nibe nafasi, utasikia."

Walimpa nafasi. Alikaa kwenye benchi akaufunga uzi uliopungua, polepole, askari wawili wamemsimamia na bunduki. Tatizo ni kwamba besi bila spika haina sauti. Alipoupiga ule uzi, tulisikia kitu kama nzi. Afisa alikunja uso. Ndipo rafiki yangu alipoinuka, akaomba radhi, akakiegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la chuma la mafaili. Akapiga. Kabati zima likavuma. Afisa alisogea, akaweka kiganja chake juu ya bati, akakiacha pale, na alikuwa bado amekiacha wimbo ulipokwisha.

"Basi, ni muziki," alisema hatimaye. "Lakini nieleze jambo moja. Nairobi nyuzi zimejaa madukani. Kwa nini ujitie hatarini mpaka huku?"

Mimi, mjinga, nikadakia. "Afande, ni mtu wa kuchagua tu huyu. Ndivyo alivyo."

Rafiki yangu alinitazama. Kisha akamgeukia afisa, akaufungua mkono wa kulia chini ya mwanga wa dirisha. "Nilikuwa mdogo, kijijini kwetu Hadado. Mama alikuwa anabika samli. Nikatia mkono." Ncha za vidole vyake viwili, vile anavyovutia nyuzi, zilikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa, kama ya mtoto mchanga. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili nisiione. "Nyuzi za Nairobi zinakata. Mwalim aliniletea. Nilijaribu nyumbani, siku tatu, nikatoka damu. Nikaziosha nikaziweka, nisimfunje moyo."

Afisa alivuta droo, akatoa kitambulisho, akamrudishia pamoja na nyuzi zote. Kisha akauliza harusi ni lini. Alipoambiwa ni kesho, yeye mwenyewe alitoka njiani akasimamisha gari la kwanza, akamwamuru dereva atufikishe mjini.

Sikuweza kumtazama usoni mpaka tulipokwenda mwendo mrefu. Mwishowe nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, wewe ungewaambia wengine. Kikundi kinataka mbiga besi, hakitaki mgonjwa."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikucheka mbele za watu."

"Nimesamehe, walal." Neno hilo kwao ni ndugu. Akaligusa gitaa. "Lakini hii imebata fumbi njia nzima. Hiyo utaifuta wewe."

Nililifuta. Na kwenye mazoezi yaliyofuata baada ya harusi, nilisimama mbele ya wale wale waliocheka, nikasema kwamba nilimsema vibaya bila kujua, sababu yake nikaiacha kwake. Harusi yenyewe ilifana. Bibi harusi alikuwa amekataa ngoma ianze mpaka mjomba aonekane, na tulipoingia uani vigelegele vilitoka upande wa wanawake kabla hata hatujafunga nyaya za spika. Dada yake alimshika uso kwa mikono miwili akalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kuona watu wakifurahi vile kwa sababu mtu amefika tu.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya tangu simu ile. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila kazi ina mtu wake anayeng'ang'ania kitu ambacho wengine wanakiona cha upuuzi: fundi cherehani asiyetumia sindano isiyo ya duka fulani, mpishi asiyeachana na sufuria iliyobonyea, karani mzee anayekataa kalamu mpya. Tunawaita wabishi, washamba, wenye maringo. Wengine kweli ni wabishi tu. Lakini wengine wanalinda kidonda, na utii wao kwa chapa moja ndio unaowawezesha kuamka na kwenda kazini kama sisi. Na lile tuwafanyialo watu mmoja mmoja, nchi nayo huweza kuifanyia pembe yake nzima: kuitilia shaka kwanza, kuiuliza baadaye.

Msomaji wangu, ukimwona mtu ameshikilia kitu kidogo kupita kiasi, usimcheke mbele za watu. Mwulize faraghani. Akikujibu, amekupa amana, itunze. Asipokujibu, mwache na chake. Na kama umeshamcheka, mtafute leo umwombe radhi angali anaweza kukujibu, maana msiba wa mtu mliyesameheana ni mwepesi kubeba.