Viti Viwili vya Harusi ya Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Toronto, niliwekewa mezani kiti cha Kifaransa kilichopauka. Mimi, seremala wa Tanga, nikasema kipakwe upya. Msimamizi wa karakana, mzee asiyejua kucheka, akanikazia macho.

"Mbao nitapata nyingine," alisema. "Rangi hii ikitoka, imetoka. Na wewe utatoka nayo."

Kiti kilikuwa na zaidi ya miaka mia mbili. Rangi yake ya kijivu ilikaa juu ya tabaka la chokaa laini iliyochanganywa na gundi, na thamani yote ilikuwa hapo. Kazi yetu ilikuwa kuyarudisha magamba ya rangi yaliyobanduka, moja moja, kwa brashi nyembamba. Macho yangu yameishia kwenye magamba hayo.

Kisha akaja mmiliki mpya. Miaka ile kumbi za harusi zilitaka viti vya kung'aa, akatuhamishia kwenye nakala: mbao mpya, nakshi za mashine, rangi ya dhahabu ya kupuliza.

"Nani atakikodolea kiti macho?" alituambia. Nilipuliza miaka na miaka, na chuki moyoni, ili watoto wangu wapate kula.

Nilipostaafu alinipa viti viwili vya kale vilivyovunjika, apate nafasi stoo. Nilivitengeneza sebuleni kwangu, mtaani Dixon, majira ya baridi mazima, na rangi yake ya kale nikaihifadhi yote. Binti yangu Rehema alikuwa anaolewa. Mimi si mtu wa hotuba; nilitaka yeye na mumewe wakalie kazi yangu ya kweli, watu waione.

Nilivipeleka ukumbini siku moja kabla, nikamkabidhi dada yangu, msimamizi wa mapambo.

Kesho yake nikavikuta dhahabu tupu. Alivipiga msasa kwanza, ili rangi ishike.

"Kaka, vilikuwa vimechubuka!" alisema, akingoja ahsante. "Watu wangesema umemwozesha mtoto kwenye viti vya kuokota. Nimekusitiri."

Rehema akaja na shela lake, akavipapasa, akanikumbatia.

"Daddy, they're so nice! Sasa vinaonekana orijino."

Nilikaa nikapigwa picha, nikatabasamu kama baba wa bibi harusi anavyotakiwa. Mwanangu nimemlea kwa viti tangu akiwa mdogo, na hajui baba yake alikuwa akifanya kazi gani.