Maswali Yanayofanana

Kyalo ni karani wa bandarini, mtu wa Machakos aliyekuja Mombasa kwa miezi sita na sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Kila Jumamosi asubuhi huenda mtaa wa Kuze, akapanda ghorofani kwa Bi Nana, mwenye nyumba, kuwafundisha bayolojia wanafunzi wa kidato cha nne. Hana cheti cha ualimu. Ana subira, na kwa bayolojia hiyo yatosha.

Mwaka huu alimpata Manar. Binti alikuwa amepata D muhula wa kwanza, na babake, Mzee Zaid, alikwishakata shauri: ikija D nyingine kwenye moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, habari ya kusomea uuguzi ife hapo hapo. Zilibaki wiki tatu.

"Eleza jinsi vena zinavyorudisha damu moyoni," Kyalo alimwambia.

Manar alifumba macho, akamimina. Kuta nene, misuli, msukumo wa damu, hata mahali pa kutolea alama alipataja. Kyalo alipekua miongozo ya kusahihisha ya miaka iliyopita. Binti hakukosea neno. Ila hayo yalikuwa majibu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ya mwaka mwingine kabisa.

"Umehifadhi miaka mingapi?"

"Kumi, mwalimu."

Kyalo alivua miwani. Yeye hata namba ya simu ya mkewe huisoma kwenye karatasi, na huyu alikuwa na mitihani ya miaka kumi kichwani, akapewa D. Alistaajabu, akaona na haya, maana alikuwa amekuja tayari kumwonea huruma.

"Na madrasani mnakohifadhi Kurani, ustadhi huwajaribu vipi?"

"Huanza aya katikati, nami hufuatiza. Lakini ziko aya zimefanana, mwalimu. Usipochunga neno moja, wavuka ukaangukia sura nyengine."

"Nawe huvuka?"

"Sivuki."

"Basi hapa umevuka, mwanangu."

Manar aliomba karatasi za miaka yote kumi, akaketi chini, akaanza kuyapanga maswali yanayofanana, kila moja na mwenziwe, akipiga mstari pale yanapoachana. Kufikia adhuhuri sakafu ya Bi Nana haikuwa na pa kukanyaga. Kyalo, aliyejidhania ndiye mwalimu, alishika kalamu akanakili.

Matokeo ya moko yalipotoka, Manar alikuja na babake. Kyalo aliichukua karatasi hata salamu hazijaisha. B. Lakini macho yalimganda ukurasa wa tatu. Binti alikuwa ameandika nusu ukurasa kwa hati safi, kisha akaukata wote kwa mstari mmoja na kuanza upya. Kyalo aliwaza ule moyo wa kuyaacha maneno unayoyajua barabara huku saa inakwenda.

"Hapa pamekatwa nini?" Mzee Zaid aliuliza.

"Majibu sahihi, mzee, tena yote. Ila siyo aliyoulizwa."

Mzee Zaid aliushika ule ukurasa, akausoma mstari kwa mstari, midomo ikimcheza. Alipomaliza alimgeukia bintiye.

"Huo uuguzi," alisema, "husomewa miaka mingapi?"